Kila Anayepita Anamrushia Chakula: Beta Mchanga Ale Kiasi Gani?

Shikamoo Shangazi,

Nyumbani kwangu watu wamenuniana, na chanzo ni samaki mwenye urefu wa sentimita mbili.

Mtoto wangu wa kwanza ana miaka tisa. Alipewa zawadi ya beta mchanga, wale samaki wapiganaji ambao wakikua mapezi yao huburuzika kama shela. Tukamnunulia tangi jipya, akakaa nasi wiki tatu, akafa. Siku za mwisho tumbo lilikuwa limemvimba, analala chini, maji yana ukungu na sakafu ya tangi imejaa chakula kilichoota utando mweupe. Mtoto alilia siku mbili. Tukamtafutia mwingine, mdogo vilevile. Muuzaji alikadiria ana kama miezi miwili. Safari hii nimeapa hafi.

Tatizo ni kwamba kila mtu humu ndani ana sheria yake ya kulisha. Mtoto anasema samaki ana njaa wakati wote: ukisogelea tangi tu anapanda juu anafungua mdomo, basi anamrushia. Mdogo wake akipita naye anarusha. Mama mkwe anasema kiumbe mchanga hanyimwi chakula. Baba watoto amesoma kwenye kopo kwamba alishwe mara moja kwa siku, kiasi anachoweza kumaliza kwa dakika mbili. Halafu kuna mtu kamwambia beta hufungishwa siku moja kila wiki, kwa hiyo Jumapili samaki anashinda na njaa na mtoto anashinda amenuna. Mimi niko katikati, natembea na kopo mfukoni kama mlinzi wa ghala.

Vyakula tulivyo navyo ni flekisi (vile vipande vyembamba vikavu) za samaki wa mapambo kwa jumla, punje za beta, na minyoo myekundu iliyokaushwa. Hiyo minyoo ndiyo anayoipenda kuliko vyote, lakini mimi nikifungua kopo lake napiga chafya mfululizo na macho yananiwasha. Tangi ni la lita 10, lina kichujio cha sponji na halina hita. Asubuhi kipimajoto kinasoma nyuzi 22, mchana 26. Asubuhi halili vizuri, anachukua punje kisha anaitema.

La mwisho si langu. Shemeji yangu amezalisha beta wake. Dume lilijenga kiota cha mapovu, mayai yakaanguliwa siku tano zilizopita. Tangu siku hiyo hiyo anawapa vifaranga kiini cha yai la kuchemsha, na kila asubuhi anakuta wamepungua. Dume bado yumo ndani. Ameniomba nikuulize: wale walio kama nukta wanakula nini?

Wako,
Mama Kopo

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa yule wa kwanza.

Nianze na yeye, kwa sababu kifo chake kinajibu nusu ya maswali yako. Nyote mnadhani tumbo ndilo lililomuua. Huenda lilichangia, lakini mimi nikisoma barua yako nasimama kwenye maji yenye ukungu na ule utando mweupe. Chakula kisicholiwa huoza, na kikioza hutoa amonia inayounguza matamvua. Hata kilicholiwa kinaishia huko huko, maana samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake kila anapomeng'enya. Tangi lililokomaa lina bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina ukali ule. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujijenga. Wenu aliishi wiki tatu kwenye tangi jipya huku mvua ya flekisi ikimnyeshea. Alikuwa anaogelea ndani ya mabaki ya chakula chake mwenyewe.

Kwa hiyo swali la "ale kiasi gani" lina mizani miwili, tumbo lake na maji yake, na nyumbani kwenu hakuna aliyekuwa anaangalia wa pili.

Sasa ule mdomo unaofunguka. Mwambie mwanao, kwa upole, kwamba beta hapandi juu kwa njaa tu. Juu ya matamvua yake ana kiungo maalumu cha kuvutia hewa, na lazima apande mara kwa mara kupumua, ameshiba au hajashiba. Ni samaki wa asili ya Thailand, kwenye vinamasi, mifereji na mashamba ya mpunga, maji ya kina kifupi ambayo mara nyingi hewa ndani yake ni haba. Huko hula kinachojitokeza: viluwiluwi wa mbu, vidudu vidogo vya majini, mdudu aliyeanguka juu ya maji. Ndiyo maana mdomo wake umeelekea juu. Kiumbe ambaye hajui mlo ujao utatoka wapi hakatai mlo ulio mbele yake. Isitoshe, ni mwerevu. Siku chache tu zinamtosha kujua kwamba kivuli cha mtu kwenye kioo kinakuja na chakula. Akiwaona anacheza ile ngoma yake ya mwili mzima, nanyi mnalipa. Mimi mwenyewe nina dume ambalo limeshakula, limeshiba, na bado linanifuata kutoka pembe hadi pembe kama mdai.

Kuomba, basi, si kipimo. Kipimo kizuri zaidi ni jicho lake.

Wafugaji wa beta husema tumbo la beta likiwa tupu ni kama ukubwa wa jicho lake. Ni kanuni ya mkono tu, wala si ya maabara, kwa sababu tumbo hutanuka. Lakini inasaidia, kwa kuwa jicho linakua pamoja na samaki na huhitaji kukumbuka namba. Chakula cha mlo mmoja, ukikikusanya pamoja, kisizidi sana jicho. Sasa mwangalie huyo wa sentimita mbili: jicho lake ni nukta ya kalamu. Punje moja ya kawaida ya beta, yenye kipenyo cha milimita moja au zaidi, inaweza kuwa mlo mzima, na nzima nzima pengine hata haipiti mdomoni. Hapo ndipo anapoitema. Wengine hutema kwa kuwa ni ngumu, wengine ili waitafune vipande vipande. Iponde kati ya vijiko viwili, loweka vipande dakika chache katika matone ya maji ya tangi, halafu mpe kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti cha meno. Akimeza, subiri, mpe kingine. Vitatu au vinne vinatosha. Kuloweka si mapambo: punje kavu hunyonya maji na kutanuka, na ni afadhali itanuke kwenye kijiko kuliko tumboni.

Hiyo "dakika mbili" ya kwenye kopo imeandikiwa samaki kwa ujumla. Beta ni mlafi. Kwa dakika mbili, chakula kikimwagwa mbele yake, atameza cha siku mbili. Baba watoto ana haki ya kutaka kikomo, lakini amekopa kikomo kisicho cha huyu samaki. Na ile mara moja kwa siku pia si ya umri huu.

Mama mkwe naye ana haki kwa sehemu yake, na umfikishie salamu zangu. Mchanga hanyimwi, kweli. Anajenga mifupa, misuli na mapezi kwa kasi ambayo hataiona tena maishani, na aliyelala njaa katika miezi mitatu ya kwanza mara nyingi hubaki kadogo. Ila kumlisha mchanga vizuri ni kumlisha mara nyingi. Kurundika chakula kwa mkupuo ni jambo lingine kabisa, na hapo ndipo mama na mjukuu wamepotea njia pamoja.

Kwa umri wa miezi miwili, milo mitatu kwa siku ni sawa, minne ni bora kama kuna mtu wa kuitoa na kusafisha. Akifika miezi minne au mitano shusheni iwe mitatu au miwili. Akikomaa, kama miezi sita kuendelea, milo miwili midogo inamtosha, na hapo ndipo ile siku ya mfungo ina nafasi yake. Mtu mzima anayeruka siku moja kwa wiki hapungukiwi kitu, na utumbo wake unapata nafasi ya kujisafisha. Kwa mchanga, Jumapili ya njaa ifutwe leo. Ikitokea mmesahau mlo mmoja, umepita; msifidie kwa kumpa mara mbili mlo unaofuata.

Kuhusu asubuhi. Samaki hana joto lake mwenyewe mwilini. Joto lake ni la maji. Kwa nyuzi 22 mmeng'enyo wa beta unakwenda kwa kujikokota, hamu ya kula inapungua, na kilichoingia kinakaa tumboni muda mrefu. Mahali pake pazuri ni nyuzi 25 hadi 28, tena bila kupanda na kushuka kila siku. Kama mna fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, iwe hita ndogo yenye kidhibiti joto. Itamsaidia kuliko kopo lolote la chakula. Mpaka ipatikane, mlo wa kwanza usiwe wa alfajiri. Mpeni saa nne asubuhi maji yakishapata joto, kisha saa nane mchana, kisha saa kumi na moja jioni, ili kuwe na muda wa mwanga baada ya kula. Hiyo ya jioni ni ya mwanao, awe ametoka shule, na ndiyo yenye starehe.

Tuje kwenye makopo matatu.

Flekisi ziwekeni kando. Si sumu, lakini nyingi zina ngano na mimea kwa wingi, zinasambaa, zinazama, na beta akizama kuzitafuta huwa amechelewa. Nina hakika ule utando mweupe ulikuwa wa flekisi. Punje za beta ndizo chakula cha kila siku, ila geuza kopo usome viungo. Vya mwanzo ndivyo vingi. Kama kinachotangulia ni unga wa samaki, kamba wadogo au wadudu, na protini ni asilimia 40 kwenda juu, endelea nacho. Kama kinachotangulia ni ngano, tafuta kingine kopo likiisha. Na kopo lisikae wazi mwaka mzima. Mafuta huchacha na vitamini hupotea, hata kama punje bado zinaonekana nzuri. Andika tarehe ya kufungua kwenye kifuniko. Mimi baada ya miezi sita huwa nalitupa.

Minyoo myekundu, kwanza, si minyoo. Ni viluwiluwi wa visubi fulani wanaofanana na mbu ila hawaumi. Pili, hizo chafya zako zichukulie kwa uzito. Wako watu wengi ambao miili yao inaikataa protini ya wadudu hawa, na vumbi la waliokaushwa ndilo baya zaidi. Kuwashwa macho na pua ni dalili yake ya kawaida, na kwa watu wengine huongezeka kadiri unavyoendelea kuligusa. Wewe usilifungue tena. Anayefungua asilifungue usoni pa mtu, anawe mikono, asijisugue macho. Ukiona kifua kinabana, hilo ni la daktari wala si la Shangazi. Tatu, kwa samaki mwenyewe, ni kitoweo cha kuonjeshwa. Mnyoo mmoja mkavu kwa beta wa sentimita mbili ni kama wewe kumeza mto wa kulalia. Ulowekwe, ukatwe vipande vitatu au vinne, apewe kipande kimoja au viwili, mara moja au mbili kwa wiki. Kukipenda hakukifanyi kimfae kila siku. Watoto wako nao wangependa peremende tu.

Kinachomfaa kuliko vyote vitatu hakimo kwenye orodha yako: vyakula hai au vilivyogandishwa. Dafnia (viroboto wa majini), artemia (vijikamba vya maji ya chumvi), viluwiluwi wa mbu. Vilivyogandishwa huuzwa katika vipande vidogo kama barafu. Kata kidogo kwa ncha ya kisu, iyeyushe kwenye kikombe cha maji ya tangi, chuja, mpe chembe, na kilichobaki usikirudishe kugandishwa. Dafnia nampenda kwa sababu ganda lake humsaidia beta kupata choo. Viluwiluwi wa mbu ni chakula chake hasa cha kuzaliwa nacho, lakini mna masharti. Wakusanyeni kwenye maji ya mvua yaliyotuama mahali pasipopuliziwa dawa, kamwe si mtaroni. Wachujeni, wasuuzeni kwa maji safi, wachagueni wale wadogo wembamba, maana mkubwa anaweza kuwa na urefu wa theluthi ya samaki wenu. Mchunguze kama hamna mabuu wa kerengende, hao wanakula samaki wachanga. Na msiweke ndoo ya kuwafuga nyumbani: kwenye joto, siku saba hadi kumi zinatosha kiluwiluwi awe mbu, na beta wenu hatawala wote. Kinachoelea leo kiliwe leo, kilichobaki kimwagwe mchangani kikauke.

Mkate, biskuti, nyama ya mezani, hapana. Huyu ni mla wadudu na utumbo wake ni mfupi.

Utajuaje kiasi kimekaa sawa? Mtazame kwa ubavu, kabla ya mlo wa kwanza. Tumbo liwe limenyooka au limejaa kidogo sana. Likiwa limebonyea nyuma ya kichwa, na kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili, ongeza mlo mmoja. Baada ya kula litachomoza kiduara, na ni sawa, mradi kufikia kesho yake asubuhi limerudi. Likilala limechomoza na kuamka limechomoza, amezidishiwa au amefunga choo: mnyime saa 24, hakikisheni joto liko kwenye 27, kisha mlo wa kwanza uwe dafnia. Utaambiwa umpe njegere iliyomenywa. Ushauri huo umekopwa kwa samaki wanaokula majani. Beta hana matumizi nayo. Na kama magamba yamesimama kama koni ya msonobari, hilo si la chakula tena, ni ugonjwa wa ndani, na kumfungisha hakutamponya.

Halafu mizani wa pili. Dakika tano baada ya kila mlo, sirinji isiyo na sindano, vuta kila kipande kilichoanguka. Ni kazi ya nusu dakika. Milo mitatu kwenye lita 10 ni mingi, kwa hiyo badilisheni lita mbili na nusu hadi tatu kila baada ya siku mbili au tatu, si kusubiri maji yanuke. Maji mapya yawe na joto lile lile, na kama ni ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini, vinginevyo mtaua wale bakteria mnaowangoja. Sponji ya kichujio ioshwe kwenye maji mliyotoa tangini, isipelekwe bombani, kwa sababu hiyo hiyo.

Shemeji sasa, na ajibiwe haraka maana kila siku anahesabu maiti.

Kwanza, alianza kulisha mapema mno. Kifaranga wa beta hutoka na mfuko wa kiini tumboni, anabaki ananing'inia kwenye kiota mkia chini, na kwa siku mbili tatu hahitaji kitu kingine. Chakula huanza siku anapolala sawa na kuogelea mwenyewe mbele. Kila alichokitia kabla ya hapo kiliozea majini. Kiini cha yai hutumiwa na watu waliokosa kingine, ni kweli, lakini hakijongei, na kifaranga wa beta anawinda kinachojongea. Asipokiona kinatikisika hakitambui kuwa chakula. Kinachobaki huchafua tangi usiku mmoja.

Pili, dume litoke leo. Kazi yake ilikuwa kurudisha kiotani watoto walioanguka, na ameimaliza. Sasa wanaogelea kila upande, naye anaweza kuanza kuwaona kama mlo. Inawezekana kabisa sehemu ya wale "waliopungua" iko tumboni mwa baba yao.

Tatu, chakula chenyewe. Kwa siku tatu nne za mwanzo, infusoria: vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hutengenezwa kwa kuweka maji ya tangi kwenye chupa pamoja na jani la saladi lililosagika, mahali penye mwanga na joto, bila kufunga. Baada ya siku kadhaa maji hupauka, kisha huanza kuwa maangavu tena. Hapo ndipo viko vingi, na mtu hudondosha vijiko vichache mara tatu kwa siku. Kwa kuwa shemeji hana siku za kungoja, akikoroge chombo leo kwa ajili ya uzao ujao, na kwa hawa akamue kwa nguvu moss (mmea wa majini ulio kama sufi) au mmea wowote uliokaa muda mrefu tangini juu ya maji yao. Hapo huwa pamejaa vijidudu. Kama kuna mfugaji jirani mwenye minyoo ya siki, amwombe kidogo. Hii ni kama nyuzi, inaishi kwenye siki, lakini ikisafishwa na kutiwa kwenye maji yasiyo na chumvi inaendelea kuogelea kwa siku kadhaa, tena katikati ya maji, pale pale vifaranga walipo.

Lakini kinachowakuza hasa ni artemia waliototolewa nyumbani, na vifaranga wenye nguvu wanaweza kuwameza ndani ya siku chache za kuogelea. Namna yake: maji lita moja, chumvi gramu 25 au zaidi kidogo, robo kijiko cha chai cha mayai ya artemia, bomba la hewa linalorusha mapovu kutoka chini, nyuzi 26 hadi 28, na taa. Baada ya saa 24 hadi 36 atazima hewa kwa dakika kumi, maganda yaelee juu, yeye amulike tochi chini. Vijidudu vya rangi ya chungwa vitakusanyika kwenye mwanga. Avinyonye kwa mrija mwembamba, avichuje kwa kitambaa laini, avisuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Asiwe mvivu wa kutenga maganda, maana huziba utumbo wa kifaranga. Na awape wakiwa wametotolewa karibuni, kwa kuwa kila saa inayopita wanatumia akiba yao wenyewe na kubaki maganda yanayoogelea. Kwenye maji ya kawaida artemia huishi saa chache tu, kwa hiyo kidogo, mara tatu hadi tano kwa siku. Kipimo hapa ni kitamu kukitazama: tumbo la kifaranga aliyekula hugeuka chungwa, linaonekana kwa nje kama taa. Wenye tumbo la chungwa wamekula. Wasio nalo, aangalie kama chakula kinafika pembe waliko.

Maji yao yawe ya kina kifupi, kama sentimita 15, na tangi lifunikwe vizuri. Kuanzia kama wiki ya tatu kile kiungo cha kupumulia hewa kinaanza kukua, na hewa iliyo juu ya maji inatakiwa iwe na joto na unyevu kama maji yenyewe. Wengi hupoteza watoto hapo wakidhani ni chakula. Wakifika mwezi mmoja na nusu ataanza kuwachanganyia punje zilizosagwa kama unga, huku artemia wakiendelea. Madume yakianza kukimbizana na kunyofoana mapezi, mara nyingi kati ya mwezi wa pili na wa tatu, kila moja lipate chombo chake. Amwulize mkewe kama ana mitungi ya kutosha kabla hajafurahia idadi.

Kwa nyumba yako, nina hukumu ndogo. Nunua kile kisanduku cha vidonge chenye vyumba vya siku za wiki, vile vyenye vyumba vitatu kwa siku. Jumamosi jioni wewe na mwanao mkae mezani mpasue punje na kujaza milo 21, kila chumba mlo mmoja. Kisanduku kikae karibu na tangi. Makopo yote yapande kabati la juu na baba watoto ndiye akae na ufunguo, maana anapenda sheria. Chumba kikiwa tupu, samaki ameshakula, hata angefungua mdomo vipi, hata angekuwa nani anayepita. Mama mkwe mpe mlo wa saa nane uwe wake, na kijiti chake mwenyewe cha kulishia. Mdogo mtu apewe kazi ya sirinji. Watoto wadogo wanapenda sirinji kuliko samaki.

Mwanao asiambiwe kwamba yeye ndiye aliyemuua wa kwanza. Mwonyeshe tumbo la huyu kila asubuhi, akuambie yeye limenyooka au limechomoza, aandike. Baada ya wiki mbili nitumieni hayo maandishi.

Shangazi